Mlezi Hurudisha Ngozi

Manga,
12 Februari 1968

Kwa Katibu,
Makao ya Wanyama, Kisii.

Bwana Katibu,

Bwakire buya. Mimi ni Tryphosa Kemuma, mjane wa Manasseh Nyangate, wa hapa Manga. Jumapili sokoni nilisikia tangazo lenu likisomwa, kwamba Wazungu wa upande wa Sotik wameuza mashamba wakaenda kwao, mbwa wao wamebaki wakizurura, na nyinyi mnatafuta watu wa kujitolea kuwalea mpaka wapatiwe wenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mtu alee mbwa wa mwingine bure? Mimi sikucheka. Nipeni mmoja.

Sitaki kuwadanganya, nina shida yangu. Manasseh aliniachia shamba la pareto na migomba, binti mmoja, Bonareri, wa miaka kumi na mmoja, na shemeji anayeitwa Obadiah Ombati. Huyo shemeji ana duka Masimba na shamba lake mwenyewe, na bado analitaka langu. Kwanza alitaka kunirithi. Nikamwambia mimi ni Msabato, tena si sufuria, sirithiwi. Tangu siku hiyo anakuja na vijana, wanapiga mlango mateke, wanang'oa ua. Wapimaji wa ardhi watafika Manga mwezi wa nane, na shamba litaandikwa jina la yule watakayemkuta amekaa ndani. Wakinikuta, ni langu na la mtoto wangu. Wakikuta nimefukuzwa, basi tena. Ndiyo maana nataka mbwa mwenye kifua.

Kulea mnyama wa mtu nakujua. Baba yangu alilea ng'ombe wa watu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwita mwizi.

Mimi,
Tryphosa Kemuma


Makao ya Wanyama, Kisii,
21 Februari 1968

Bi. Tryphosa Kemuma,

Ombi lako limekubaliwa, ingawa Kamati ya Chama chetu haikuhitaji kuambiwa habari za shemeji yako. Mbwa wa Chama si askari wa mtu. Gari litakuletea wawili: Meja, dume mkubwa wa rangi ya kahawia, na mtoto wa mbwa aitwaye Tofi. Wote wana alama ya Chama katika sikio la kushoto.

Fahamu kwamba mlezi si mwenyewe. Mbwa ni mali ya Chama, na Chama kinaweza kumchukua siku yoyote akipatikana mtu wa kumweka moja kwa moja. Asipigwe, asifungwe, asipewe mifupa ya kuku. Ukiandika, andika Kiswahili, maana wajumbe wetu ni Wazungu na Wahindi. Kiswahili wanajikaza, Ekegusii hawakijui kabisa. Barua huzisoma mimi, kisha humweleza Mwenyekiti wetu, Bibi Prentice, yaliyo ya maana.

Wako katika kazi ya huruma,
Thadeus Ratemo, Katibu


Manga,
17 Machi 1968

Mwanangu Ratemo,

Nimeulizia nikaambiwa wewe ni mtoto wa mzee Ratemo wa Nyamarambe, kwa hiyo niruhusu nikuite mwanangu.

Huyu Meja wenu ni Mzungu kamili. Nikimwita kwa Ekegusii ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia. Bonareri anamsemesha Kiingereza cha shuleni, "siti", "kamu", naye anakaa kweli, dume zima lile. Wiki ya kwanza alikataa ugali. Ya pili alikula. Ya tatu alikula wake akamalizia wa Bonareri. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alijichukulia kazi ya lango mwenyewe.

Analala juu ya kaburi la Manasseh, hapo mbele ya nyumba, katikati ya mawe meupe ambayo mimi na Bonareri tuliyabeba kichwani kutoka juu mlimani. Maua yangu ya njano ameyalalia yote. Nilishika fimbo nimfukuze, halafu nikaiweka chini. Marehemu alipenda kuwa na mtu wa kukaa naye.

Ombati alikuja Jumanne na vijana wawili. Meja hata hakubweka. Alisimama langoni akaonyesha meno. Wacha wewe! Walivyokimbia, kiatu kimoja cha shemeji kilibaki kwenye matope na bado ninacho hapa. Tangu nifiwe sijalala kama nilivyolala wiki hii. Mungu awabariki, hata huyo Bibi ambaye simjui.

Ila Tofi anakohoa, macho yanatoa usaha. Naomba daktari aje.

Mama yako,
Tryphosa


Makao ya Wanyama, Kisii,
2 Aprili 1968

Bi. Tryphosa Kemuma,

Daktari wa Chama huona wanyama siku ya Alhamisi, hapa Kisii tu. Mlete.

Kiatu kirudishe kwa mwenyewe. Chama hakitaki kesi.

Thadeus Ratemo, Katibu


Manga,
18 Aprili 1968

Mwanangu Ratemo,

Alhamisi iliyopita nilimfunga Tofi mgongoni kama mtoto, nikashuka kwa miguu mpaka Kisii. Nikaambiwa daktari amekwenda arusini. Nilingoja mpaka mlango ukafungwa. Tofi alifia njiani tukirudi, mvua ikitunyea.

Basi nafanya kama ilivyo desturi. Ngozi yake hiyo hapo. Nimeichuna kwa mkono wangu, nimeisugua jivu, nimeikausha kivulini, haikupasuka popote. Itazameni pande zote mbili: hakuna alama ya fimbo, hakuna jino, na sikio lina alama yenu. Mwili tumeuzika chini ya mgomba, Bonareri akaimba. Nasikitika sana. Alikuwa mdogo lakini alikuwa na furaha ya watu kumi.

Meja ni mzima.

Tryphosa


Makao ya Wanyama, Kisii,
26 Aprili 1968

Bi. Tryphosa Kemuma,

Kifurushi chako kilifika saa ya chai. Bibi Prentice, ambaye hupenda kufungua vifurushi mwenyewe, alikifungua mezani, kando ya keki. Tangu siku hiyo yuko kitandani.

Kamati imefanya kikao cha dharura. Wajumbe wanauliza ni mtu wa namna gani anayemchuna mnyama aliyekabidhiwa kwa upendo, kisha akamtuma kwa posta. Kwa kuwa mimi ni Mkisii, niliulizwa kama hiyo ni desturi yetu. Nilijibu kwamba sijui.

Jina lako limepigiwa mstari mwekundu. Meja atabaki kwako mpaka apatikane mtu anayefaa, na Chama kimeanza kumtafuta.

Thadeus Ratemo, Katibu


Manga,
3 Mei 1968

Ratemo,

Hujui? Wewe?

Baba yangu alimlelea baba yako ng'ombe watatu. Mwaka wa nzige mmoja alikufa, na baba yangu akatembea siku nzima na ngozi mbichi begani mpaka Nyamarambe, kwa sababu mlezi hurudisha ngozi. Bila ngozi, mwenye mali atajuaje kwamba mnyama amekufa, hakuuzwa, hakuchinjwa akaliwa? Baba yako aliipokea kwa mikono miwili, akampa baba yangu uji, na ngozi hiyo ikatandikwa kitandani. Nani alilala juu yake kama si ninyi watoto? Leo umevaa tai, hujui.

Nenda kwa huyo Bibi. Mwambie ile ilikuwa heshima, si ushenzi. Mwambie mjane wa Manga alitaka kuonyesha kwamba mikono yake ni safi. Maneno mawili tu, Ratemo, wala hayakupunguzii kitu.

Na Meja niachieni mpaka mwezi wa nane. Wapimaji wakishapita mchukueni, hata nikilia mchukueni tu. Sasa hivi mlango wangu ni yeye. Ombati hupita kule barabarani, anatazama lango, anatema mate, anakwenda zake. Mkimwondoa Meja mnamkaribisha yeye.

Tryphosa


9 Mei 1968

Mama Bonareri,

Hii si ya faili. Ukishaisoma ichome.

Ngozi naijua. Hata ile ya ng'ombe naikumbuka, ilikuwa na baka jeupe. Lakini Bibi Prentice alikuwa anatapika kwenye beseni, na wote waligeuka wakanitazama mimi, mtu mweusi peke yangu chumbani. Ningesema ni desturi yetu, ningekuwa ni mimi niliyemchuna. Kwa kazi hii ninalisha mke na kusomesha wadogo zangu wanne. Usimtaje tena baba yangu.

T. R.


Masimba,
10 Juni 1968

Kwa Mheshimiwa Bibi Prentice, mama wa wanyama wote,

Nakuandikia nikiwa na majonzi. Mimi ni Obadiah Ombati, mfanyabiashara wa hapa Masimba, Mkristo, mpenda mbwa tangu tumboni mwa mama yangu. Ninapokwenda Manga kuwaona wazee hupita mbele ya boma moja na kumwona mbwa wako Meja. Bibi, moyo wangu hupasuka! Mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Anapewa maganda ya ndizi. Hana pa kulala isipokuwa kaburini, kama fisi.

Mwanamke anayemweka aliolewa na marehemu ndugu yangu, kwa hiyo ninasema haya kwa aibu kubwa. Kisa cha yule mdogo, Tofi, nimekisikia mjini. Siku ile chakula hakikunishuka. Najiuliza, zamu ya Meja ni lini?

Nipe mimi, Bibi. Kwangu atalala juu ya zulia, atakunywa maziwa asubuhi na jioni. Nimetuma kikapu cha mayai na maua kidogo, upate nafuu. Naomba pia, kama haitakuwa usumbufu, Chama kiniandikie barua fupi yenye mhuri, kwamba mimi ni mtu mwaminifu na mwenye huruma. Nitaitundika dukani ili watu wetu wajifunze.

Mtumishi wako mnyenyekevu,
Obadiah Ombati


Makao ya Wanyama, Kisii,
27 Juni 1968

Bi. Tryphosa Kemuma,

Meja amepata mwenyewe wa kudumu. Gari la Chama litakuja kumchukua Jumamosi, tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi. Jina la mpokeaji si la mlezi kulijua. Barua yako ya mwezi wa tano sikuiweka mbele ya Kamati kwa sababu ya lugha yake.

Thadeus Ratemo, Katibu


Manga,
8 Julai 1968

Ratemo,

Barua yenu nimeipata jana, Jumapili. Gari lilikuja juzi, Sabato, tukiwa kanisani. Nani katika Kisii nzima hajui Msabato yuko wapi Jumamosi saa nne? Tulirudi tukakuta alama za magurudumu, na maua yamekanyagwa pale juu ya kaburi alipokataa kuondoka.

Leo asubuhi Meja amepita mbele ya lango langu akiburutwa kwa kamba ya katani. Anayemburuta ni Ombati. Aliposikia sauti ya Bonareri akakaa chini, kama alivyofundishwa, akakataa kwenda. Ombati alimpiga teke la mbavu mbele ya macho yetu, akacheka, akaniambia, "Asante kwa kunilelea."

Mmempa Ombati! Jina hilo nililiandika katika barua yangu ya kwanza kabisa! Uliisoma kwa jicho gani? Bila shaka ulilisoma tena alipowaandikia kumwomba, na ukanyamaza!

Bado wiki tano wapimaji wafike. Mnyang'anyeni. Mpeni mtu yeyote, mpeni hata mwizi wa kuku, lakini si huyo. Meja atauawa, mimi nitafukuzwa, na wewe utakuwa umeandika barua nzuri zenye mhuri. Nakuomba. Nakupigia magoti nikiwa mkubwa wako, Ratemo.

Tryphosa


Masimba,
31 Julai 1968

Mheshimiwa Bibi Prentice,

Shika kiti chako kabla hujaendelea kusoma. Meja wetu hayupo tena. Aliamka vizuri, akanywa maziwa yake, akaweka kichwa juu ya goti langu, akafumba macho. Nadhani yale mateso ya Manga yalikuwa yamemla ndani kwa ndani. Siku mbili sikufungua duka.

Ninajua, Bibi, ulivyoumizwa na yale mambo ya ngozi. Mimi nimemzika kama mtu. Nimemwita mpiga picha kutoka mjini, na picha ni hii, uiweke karibu nawe. Unaona mwenyewe: mawe meupe ya mlima wa Manga, yaliyochaguliwa moja moja, na maua ya njano aliyokuwa akipenda kuyalalia. Mpiga picha mwenyewe alitokwa na machozi.

Ile barua yenu ya sifa niliipata. Nimeiweka mahali pazuri sana. Kama Chama kinahitaji mjumbe Mwafrika katika Kamati, nisifichwe.

Wako katika msiba,
Obadiah Ombati


Nyamarambe,
2 Septemba 1968

Ratemo,

Barua hii nimeiweka juu ya ngozi ili uione kabla hujaigusa. Ndiyo, ni ngozi tena. Soma kwanza.

Niko Nyamarambe kwa kaka yangu Mogire, aliyehamia huku, karibu na kwenu. Tarehe ishirini na nne Julai niliamka nikakuta ngozi ya Meja imetundikwa langoni kwangu, kichwa kikitazama mlango. Ombati aliitundika tuione tukitoka. Bonareri ndiye aliyetangulia kutoka. Tangu siku hiyo hajasema zaidi ya maneno matatu.

Siku iliyofuata tulikwenda mtoni. Bonareri alirudi mbele yangu, akamkuta mtu mwenye kamera anapiga picha kaburi la baba yake. Nikadhani ni watu wa ardhi. Sasa Ombati anajisifu sokoni kwamba Mzungu analilia kaburi la ndugu yake akidhani ni la mbwa. Mwambie Bibi aitazame vizuri hiyo picha. Mawe nilibeba mimi. Maua nilipanda mimi. Aliyelala pale ni Manasseh Nyangate, mume wangu.

Niling'ang'ana. Vijana wa Ombati walipoutoa mlango nilifunga mkeka. Walipoutoa mkeka nililala nimeegemeza mgongo pale mlangoni. Tarehe kumi Agosti walichoma nyumba. Bonareri ameungua mkono wa kulia, vidole havifunguki. Tarehe kumi na nne wapimaji walifika wakamkuta Ombati amekaa juu ya kiti katikati ya shamba langu. Wazee wa ardhi walimwuliza mjane yuko wapi. Akatoa barua yenu yenye mhuri na sahihi ya Mzungu: Obadiah Ombati ni mtu mwaminifu na mwenye huruma. Wakaandika jina lake.

Nimepewa siku sitini za kupinga. Zinaisha tarehe kumi na tatu Oktoba. Majirani waliona kila kitu lakini wanamwogopa, na mimi wananiita mchuna mbwa, neno ambalo Ombati alilitoa kwenu. Sina shahidi. Nina ngozi hii peke yake. Ifungue mbele ya Bibi. Aone sikio la kushoto, alama yenu ile pale. Aone tundu la mkuki ubavuni, na jingine shingoni, na ngozi ilivyoliwa na kamba. Kisha aandike mistari miwili kwa wazee: huyu mtu alitudanganya. Wazee waliamini barua ya kwanza ya Mzungu, wataiamini ya pili.

Ngozi nyingine sina ya kuleta. Mimi nililea, mnyama akafa, ngozi nimerudisha. Sikuombi useme uongo, mwanangu. Nakuomba useme unachokijua.

Tryphosa Kemuma


Makao ya Wanyama, Kisii,
18 Oktoba 1968

Bi. Tryphosa Kemuma,

Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Kamati ilikuwa likizoni.

Kifurushi chako kilifika tarehe 6 Septemba. Kwa sababu ya yaliyotokea mwezi wa nne, mjumbe wetu mpya, Bwana Obadiah Ombati, alitoa hoja kwamba kitu chochote kutoka kwako kisifunguliwe. Bibi Prentice, ambaye hata sasa hawezi kuona keki, aliunga mkono. Kifurushi kilichomwa siku hiyo hiyo nyuma ya jikoni. Kama ndani yake kulikuwa na barua, unaombwa kuiandika upya na kuituma peke yake, katika bahasha ya kawaida.

Jina lako limeondolewa katika orodha ya walezi. Kamati inakushukuru kwa moyo wako wa kujitolea. Bakuli la bati la Meja bado halijarudishwa, nalo ni mali ya Chama.

Aliyewasha moto ni mimi. Kabla sijawasha, Bibi Prentice aliniuliza kama ninajua kilichomo. Nilijibu kwamba sijui.

Thadeus Ratemo, Katibu